Ukapteni Si Tabia

Mpe mchezaji karatasi ya mhusika, umwambie aeleze tabia ya mtu atakayemwigiza. Mara nyingi ataandika "kanali mstaafu" au "sajini wa jeshi", aweke kalamu chini na kusubiri dadu irushwe. Anaamini kazi imekwisha. Ukimuuliza huyo kanali anaogopa nini, anampenda nani, au analala vipi usiku, atakutazama kama mtu aliyekwisha kujibu. Si ameshasema ni kanali?

Imani hii imekita mizizi katika michezo ya kuigiza mezani, na hapa Machakos imepata wafuasi wengi kwa sababu ya historia yetu na jeshi. Nasema ni imani potofu. Inaua mchezo, na nje ya mchezo imewahi kutuumiza sisi wenyewe.

Kwa asiyeijua michezo hii, watu wanne watano huketi kuzunguka meza na mmoja wao huwa msimulizi. Kila mmoja wa wale wengine humbeba mhusika wake, akaamua atasema nini na atafanya nini. Panapokuwa na hatari, dadu huamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Waliouunda, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wachezaji wa michezo ya vita, ile ya kupanga vikosi vya askari wadogo juu ya meza. Katika toleo hilo la kwanza, mpiganaji wa ngazi ya kwanza aliitwa mkongwe wa vita, na akifika ngazi ya nne akaitwa shujaa. Kwa hiyo kuchanganya ngazi ya mtu na utu wake kulianza siku mchezo ulipozaliwa.

Kijana mmoja wa meza yetu alikuja na mhusika aliyemwita Meja. Kila tukio lilipoanza alisimama na kutugawa, wewe huku, wewe kule. Tulivumilia. Kisha msimulizi akatufikisha kwenye daraja. Mlinzi wa pale, mtu wa kijiji asiye na uhusiano wowote na jeshi la Meja, akataka debe la maji ndipo atuvushe, na maji tuliyokuwa nayo hayakututosha wenyewe. "Unafanya nini?" msimulizi akauliza. "Namwamuru atupishe." Mlinzi akakataa. "Mimi ni meja," kijana akasema, akarudia tena kwa sauti kubwa zaidi, kisha akanyamaza. Hakuwa na kitu kingine mfukoni. Hakujua kama mtu wake angebembeleza, angedanganya, angetoa maji ya watoto, angempiga mlinzi au angelia. Kijana huyo ana akili na ulimi mwepesi kuliko wengi wetu. Alichokosa ni mtu wa kumwigiza. Tangu mwanzo alikuwa amebeba cheo, na cheo hakina jibu mahali ambapo hakuna wa kukitii.

Wachezaji husema ni vitabu vya sheria vilivyowafundisha hivyo. Havikuwafundisha. Mchezo wa Traveller, alioutoa Marc Miller mwaka 1977, unahusu watu waliomaliza utumishi kabla hadithi haijaanza. Unarusha dadu kuona kama jeshi litakupokea. Unairusha tena kila muhula wa miaka 4 kuona kama umebaki hai, na katika toleo lile la kwanza mhusika aliweza kufa kabla mchezo haujaanza. Unairusha kuona kama umepewa uofisa, kisha kama umepandishwa. Ukifika mezani ukiwa kapteni, ukapteni wako ni alama ya bahati na miaka iliyopita. Kitabu hakisemi popote kwamba kapteni ni mkali au mwaminifu. Mchezo wa GURPS, uliotoka mwaka 1986, unakuuzia cheo cha kijeshi kwa pointi 5 kila ngazi, bei ileile ya mvuto wa mtu. Kuna wanaoona bei hizo mbili zimelingana wakadhani vitu vyenyewe pia ni sawa. Lakini sheria zilezile huambatanisha cheo na wajibu: una mkubwa wako, ana haki ya kukuita, na usipoitika utajibu. Kwa maneno mengine, cheo ni kamba iliyofungwa kati ya watu. Ukitaka kuijua, tazama ncha zote mbili.

Na sasa tutoke kwenye vitabu, kwa sababu Afrika Mashariki ina ushahidi mzito kuliko wowote utakaoupata ndani ya sanduku la mchezo.

Chukua cheo kimoja tu, ufildimasho. Januari 1964 John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa amefanya kazi za ujenzi Pemba, aliongoza mapinduzi Zanzibar akajiita fildimasho. Kabla ya miezi mitatu kupita alikuwa amefukuzwa visiwani. Idi Amin aliingia King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza katika makoloni yao ya Afrika Mashariki, mwaka 1946 akiwa msaidizi wa jikoni. Alipindua serikali Januari 1971 akiwa meja jenerali, akajipa ufildimasho mwenyewe, na Aprili 1979 akaikimbia Kampala. Katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, Muthoni wa Kirima alipewa cheo hichohicho na wenzake wa Mau Mau. Alibaki msituni hadi Uhuru, akafuga nywele zake kwa miongo mingi baada ya hapo, na mwaka 2022 ndipo alipokubali zinyolewe. Mwekee kila mmoja wao neno "fildimasho" mahali pa tabia, uone kama umesema lolote. Mmoja alijitunuku katikati ya mapinduzi, mwingine alijitunuku akiwa na dola nzima mkononi, na wa tatu alitunukiwa na watu walioshiriki naye njaa na baridi. Swali la nani alikupa cheo hicho lina hadithi nzima ndani yake, ilhali cheo chenyewe kimebaki kimoja kwa wote.

Waruhiu Itote alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa koplo wa KAR. Miaka michache baadaye alikuwa Jenerali China huko msituni, akakamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, akasamehewa kitanzi, na baada ya Uhuru akashika wadhifa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Je, alikuwa na tabia ya ukoplo ikageuka kuwa ya ujenerali? Alikuwa mtu yuleyule. Majeshi yaliyomwita majina hayo ndiyo yaliyokuwa tofauti.

Mwenye kuamini kwamba cheo hueleza nguvu ya mtu akumbuke Agosti 1, 1982. Hezekiah Ochuka alikuwa praiveti mwandamizi wa jeshi la anga, karibu na chini kabisa ya ngazi. Asubuhi ile alikuwa mwenyekiti wa baraza lililotangaza kuichukua Kenya, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alitolewa nyumbani kwake kulisoma tangazo hilo redioni. Jaribio hilo la mapinduzi lilizimwa siku hiyohiyo. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, na mwaka 1987 akanyongwa. Katika mchezo, mwenye kuandika "praiveti" huandika mtu wa kubeba mizigo na kuchekesha wengine. Asingemwona Ochuka hata akiketi naye mezani.

Nilisema imani hii imetuumiza. Waingereza walipokuja, hawakutuhesabu sisi Wakamba miongoni mwa watu waliodaiwa kuzaliwa kwa ajili ya vita. Kufikia Vita vya Pili wimbo ulikuwa umebadilika: Mkamba sasa ni askari wa asili, mtiifu, mvumilivu, mwaminifu kwa mfalme. Damu yetu haikuwa imebadilika. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu askari wa KAR, ameonyesha kwamba sifa hizo za makabila ya vita zilifuata soko la ajira. Vijana walikwenda jeshini pale mshahara wa jeshi ulipokuwa bora kuliko njia nyingine zilizobaki wazi kwao, na milima ya Ukambani, yenye udongo uliochoka, ukame na kodi ya kulipa, ilikuwa imefunga njia nyingi. Mkoloni aliona mtu mwenye shida ya fedha akaandika kwamba uaskari ni tabia yake. Ni kosa lilelile la mchezaji na karatasi yake, ila hili liliandikiwa watu wa wilaya nzima.

Na watu hao walilijibu. Mwaka 1938 serikali ilipouza ng'ombe wao kwa nguvu, watu wa Machakos walitembea kwa miguu hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakakaa huko wakidai mifugo yao. Miongoni mwao kulikuwa na jamaa za askari na polisi, wale wale waliosifiwa kwa utii. Muindi Mbingu, aliyewaongoza, alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma katika mpango wake. Utii ulikuwa sehemu ya mkataba wa kazi, na mkataba una mipaka. Anayedhani utii ni tabia ya mtu hataiona mipaka hiyo mpaka imgonge usoni.

Tazama pia ni nani aliyeruhusiwa kupanda. Kwa sehemu kubwa ya uhai wa KAR, Mwafrika hakuvuka usajini meja hata kama alikuwa hodari kiasi gani. Ilipofika miaka ya 1950 ndipo kikabuniwa cheo cha efendi, nusu ya mlango wa uofisa. Sajini meja aliyerudi kutoka Burma alimpigia saluti luteni kijana kutoka Uingereza ambaye hajawahi kusikia risasi. Januari 1964 askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi kwa zamu ndani ya wiki moja, wetu wakiwa kambi ya Lanet, na kati ya hasira zao ilikuwemo hii ya mishahara na maofisa wa kigeni. Ukiniletea mezani sajini meja wa mwaka 1950 ukaniambia tabia yake ni usajini meja, umeiacha sehemu nono kuliko zote: kwamba hapo ndipo alipozuiwa. Amemeza nini kwa miaka yote hiyo? Anamfundishaje yule luteni kazi bila kumwaibisha? Akipewa uefendi, atawatazamaje wenzake waliobaki nyuma?

Wapo watakaonijibu kwamba jeshi humbadilisha mtu. Ni kweli. Jirani yetu mmoja, koplo mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Afande, bado hutandika kitanda kwa pembe zilizonyooka na hupiga viatu rangi hata siku ambayo haendi popote. Lakini hayo aliyapata depo akiwa kuruta, pamoja na waliokuja kuwa mameja na waliotoka bila cheo. Ni mafunzo yaliyoacha alama hiyo, na mafunzo yalikuwa ya wote. Kilicho chake peke yake ni kwamba hawezi kukaa akiupa mlango mgongo, kwamba humsikiliza mtoto mpaka amalize, na kwamba hapendi kabisa kuombwa hadithi za vita. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ungekibahatisha kwa kutazama mkono wa shati lake la zamani.

Wengine watasema mchezo ni burudani ya jioni moja, wanahitaji njia ya mkato. Sawa, tumia njia ya mkato, ila ikufikishe mahali. Joseph Ndolo na Jackson Mulinge walikuwa Wakamba wote wawili, walipanda ngazi kupitia KAR wote wawili, na kila mmoja alifika kilele cha majeshi ya Kenya. Mwaka 1971 jina la Ndolo lilitajwa katika kesi ya njama ya mapinduzi, akajiuzulu. Mulinge akaja baada yake, akadumu hadi 1986, akawa jenerali kamili wa kwanza wa nchi hii. Kwenye mstari wa cheo watu hawa wawili wangeandikwa karibu sawa. Sentensi moja ya ziada, "aliondoka jina lake lilipotajwa" au "alikuja baada ya mtu aliyetajwa", tayari inampa mchezaji wa kumwigiza kwa jioni nzima.

Kwa hiyo mezani kwetu tumekiondoa cheo kwenye sehemu ya tabia. Kinaandikwa chini, pamoja na deni na ukoo, na hakikubaliwi mpaka kiwe na majina mawili: aliyekitoa, na mtu mmoja aliyekikosa. Yule kijana wa Meja alikaa na kalamu kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Kisha akaandika kwamba cheo alipewa na mjomba wake, na aliyekikosa ni ndugu yake mkubwa ambaye hawajasemezana tangu siku hiyo. Msimulizi alipotufikisha tena kwenye daraja, mlinzi akadai debe lake la maji, na Meja akaketi chini na kumuuliza ana ndugu wangapi.