Wanafunzi Wafundishwe Kuunganisha Vyombo vya Maabara

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa kemia anaweza kufuzu pasipo kuwahi kukipa chombo cha maabara anwani yake ya mtandao. Jambo hili huonekana dogo hadi umeme ukatike. Na katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, ambako ngurumo za alasiri ni za kawaida na mvua ya mawe imeipa Kericho sifa ulimwenguni, umeme hukatika.

Tuchukue mfano wa kazi ya huko huko. Ili kupima polifenoli za majani ya chai, mtafiti huchanganya maji ya chai na kemikali ya Folin-Ciocalteu, kisha husoma mwanga unaofyonzwa katika urefu wa mawimbi wa nanomita 765. Chombo kinachosoma, yaani spektrofotomita, huweza kuunganishwa kwa kebo na kompyuta inayohifadhi matokeo. Ikiwa kimeachwa kipokee anwani yoyote kitakayogawiwa na ruta, umeme urudipo huenda kikapewa nyingine. Kompyuta itakitafuta pale kilipokuwa jana, isikipate. Hapo ndipo tarakimu hunakiliwa daftarini kwa mkono, na 0.547 ikawa 0.574 bila mtu kutambua.

Dawa yake si ngumu. Chombo kipewe anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.50, iliyo nje ya zile ambazo ruta huzigawa, ili vifaa viwili visije vikagombea anwani moja. Kompyuta nayo iwe katika mtandao huo huo: tarakimu 255.255.255.0 huonyesha kwamba mafungu matatu ya kwanza ya anwani hutaja mtandao, na la mwisho hutaja kifaa chenyewe. Mwanafunzi akiona anwani inayoanza kwa 169.254, afahamu kuwa chombo kimejitungia baada ya kukosa wa kukigawia. Akague kebo na ruta kabla ya kukilaumu.

Wapo walimu watakaosema hiyo ni kazi ya mafundi wa kompyuta. Hatukubaliani nao. Fundi hayupo maabarani saa kumi jioni sampuli zikiharibika, mwanafunzi yupo. Hofu ya kuharibu chombo cha bei ghali twaielewa, lakini kubadili anwani hakuvunji taa wala lenzi, na ile ya zamani ikiandikwa kwanza, hurejeshwa kwa muda mfupi tu. Hofu inayofaa ni ya kukiacha chombo wazi kwa intaneti nzima, kwani vyombo vingi huendeshwa kwa programu kuukuu zisizo na kinga. Anwani za 192.168 zilitengwa kwa mitandao ya ndani, na huko ndiko chombo kinakostahili kukaa.

Kericho ina kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil, kilichowatolea wakulima chai ya zambarau, TRFK 306, mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, na chuo kikuu kishiriki kikaanzishwa Bomet mwaka 2017. Vijana watakaorithi kazi ya kuipima chai hiyo wamo madarasani sasa. Tunapendekeza kila muhula utengewe zoezi moja: mwanafunzi achomoe kebo, aweke anwani upya, aijaribu kwa amri ya ping, na matokeo yafike kwenye kompyuta mbele ya mwalimu. Kisha kila chombo kibandikwe kikaratasi chenye anwani yake, kwa wino usiofutika.