Yethro aliuona uchovu wa mwamuzi

Je, mtu aliyeketi kuhukumu tangu asubuhi anaweza kutenda haki ileile jioni?

Mwaka 2011, Shai Danziger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu majaji 8 wa Israeli waliosikiliza maombi ya wafungwa, wengi wakiomba kuachiwa kabla ya kumaliza kifungo. Walichambua maamuzi 1,112. Mwanzoni mwa kikao, takriban asilimia 65 ya maombi yalikubaliwa. Kikao kilipoendelea, kiwango kilishuka hadi karibu na sifuri. Majaji walipokula na kupumzika, kilipanda tena.

Yethro aliliona jambo hilo zamani. Katika Kutoka 18, alimkuta mkwewe Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Hakumsifu kwa bidii. Alimwonya kwamba atachoka, yeye pamoja na watu wake, akamshauri agawe kazi kwa watu waaminifu, wamchao Mungu na kuchukia rushwa.

Hata hivyo, mwaka huohuo watafiti wengine waliuhoji utafiti ule. Walieleza kwamba kesi hazikupangwa kwa bahati nasibu: wafungwa wasio na wakili kwa kawaida walisikilizwa mwishoni, kabla ya mapumziko. Na asiye na wakili hukataliwa mara nyingi zaidi. Basi huenda tatizo halikuwa tumbo la jaji, bali upweke wa mfungwa.

Wasomi waendelee kujadiliana. Sisi tuna la kujifunza pande zote mbili.

Mzazi, mtoto akivunja kikombe asubuhi unamwonya. Akikivunja usiku umechoka, unamchapa. Kosa ni lilelile. Ahirisha hukumu hadi kesho.

Mzee wa kanisa, shauri la mjane huwekwa wapi kwenye ajenda? Likiwa la mwisho, kila mtu akitazama saa, ameshahukumiwa kabla hajasikilizwa. Lianze lake. Na kama hana wa kumsemea, simama naye.

Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 2, unatufundisha kwamba sisi wenye dhambi tunaye Mwombezi mbele za Baba, ndiye Yesu Kristo. Tuliosemewa bure, tutanyamazaje mwenzetu akisimama peke yake?

Leo tuwaombee majaji na mahakimu wetu hekima, nguvu na pumziko. Kisha tujichunguze tunavyoamua nyumbani kwetu.

Jumapili njema.