Askari wa majini 6,700 kitabuni: ziwani Albert wako wangapi?

BUNIA. Kila mwaka taasisi ya IISS ya London inachapisha kitabu cha hesabu ya majeshi ya dunia. Jeshi la majini la Kongo limeandikiwa humo watu karibu 6,700 na boti za doria kama 16, karibu zote ndogo.

Je, wangapi kati yao wako Tchomia, Kasenyi na Mahagi? Boti ngapi zinatembea? Mazutu yanafika? "Siri ya kijeshi," wakubwa watasema. Siri gani, ikiwa kitabu kinauzwa London?

Pwani ya Kongo baharini haifiki kilometa 50. Ziwa Albert lina urefu wa kilometa 160, na mpaka na Uganda unapita majini. Februari 2018, makumi ya maelfu ya watu wa Djugu walivuka kukimbia mauaji, wamebanana katika mitumbwi ya wavuvi. Wengine walizama.

Familia zao, zile zilizo ng'ambo na zile zilizo kambini, zina haki ya kujua nani atalinda maji siku ya kurudi. Na wa kuulizwa hayuko mbali: tangu Mei 2021 Ituri inaongozwa na gavana wa kijeshi, na ofisi yake iko hapa hapa Bunia.