Kipya Kinyemi, Lakini Mtamba Usiuze!

Siku hizi hapa Nyamongo ukionekana na kompyuta ya zamani unachekwa kama mtu anayechimba kisima kwa kijiko. Kila mwenye simu kubwa ana ushauri: "Uza hiyo takataka, vuta mpya!" Mimi nasema hapana. Nasema kwa sauti kwa sababu naona vijana wenzangu wakimbembeleza mzee auze mtamba, akiba ya nyumba nzima, ili wapate kioo kinachong'aa.

Kisa chenyewe mnakijua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa nyingi za kabla ya 2018 haizitambui rasmi. Basi mashine inayowaka vizuri, inayochapa mitihani na barua za maombi ya kazi, ikatangazwa kuwa maiti. Nani kaitangaza? Si mwenye nayo!

Tusidanganyane, hatari ipo. Mashine isiyopata marekebisho ya usalama, ukiiunganisha na intaneti, ni nyumba isiyo na komeo. Lakini nyumba isiyo na komeo hutiwa komeo, haibomolewi! Ipo Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo haiuzwi na inakaa vizuri kwenye mashine nyingi za zamani. Na asiniambie mtu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili chetu hiki hiki.

Mimi mwenyewe fundi mmoja wa mjini aliniambia laptopu yangu imekufa, ninunue nyingine. Hata bisibisi hakushika! Nilipomwuliza amepima nini, akanionyesha bei. Nikaondoka, nikabadilisha diski tu. Makala haya nayaandika humo humo.

Maana ugonjwa wa mashine nyingi ni diski ile ya kuzunguka, ambayo kichwa chake lazima kihame huku na huku kutafuta kila kitu. SSD haina kinachozunguka. Ukiiweka, mashine iliyokuwa inakuchosha kwa kungoja inaamka mara moja. Kama RAM ni GB 4, ongeza ifike 8, ila uliza kwanza, kwa kuwa kwenye laptopu nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Na vumbi letu la barabarani, je? Likiziba feni, prosesa inapata joto na kujipunguza mwendo yenyewe. Brashi ni bei gani, jamani?

Sisemi kila anayenunua ni mjinga. Anayehariri video, anayechora ramani za majengo, ambaye mashine itamrudishia fedha yake, huyo anunue. Na kama diski, RAM na betri kwa pamoja vinakaribia nusu ya bei ya mashine nyingine nzuri, acha kutia viraka. Lakini wewe unayeandika hadithi, risala na hesabu za duka, unamnunulia nani?

Na hapa ndipo ninapokasirika. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Dhahabu hupakwa kwenye meno ya RAM na maungio ya bodi kwa sababu haishiki kutu. Sisi tunaojua punje moja inavyotafutwa kwenye mwamba ndio tunaoambiwa tutupe chombo chenye dhahabu ndani, kisha tuuze ng'ombe tununue kingine!

Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Kijana mwenzangu, kabla hujafungua zizi, fungua kwanza mashine. Pangusa vumbi, tazama diski, hesabu RAM. Ukishajua inaumwa nini, ndipo uende kuzungumza na mzee habari za mtamba.