Roma waachieni seneti, makaizari walipikwa Sirmium

Jamani wadau, leo nawachokoza kidogo. Tukisoma dola ya Rumi kila kitu ni Roma, Roma, Roma. Mi naona kwa karne ya 3 na ya 4 hapo tunadanganyana.

Kuna mji ulikuwa unaitwa Sirmium, leo ni Sremska Mitrovica kule Serbia. Upo kando ya mto Sava, si mbali na Danube, mpakani mwa dola. Njia ya kutoka Italia kwenda mashariki ilipita hapo, majeshi ya Danube yalikuwa jirani, na karne ya 4 ukawa na viwanda vya silaha na vya kufua sarafu. Yaani askari, silaha na mshahara vyote sehemu moja! Seneti wao wamebaki Roma na hotuba zao.

Mnaobisha, angalieni mwaka 270. Claudius II anakufa Sirmium kwa tauni. Seneti inamkubali mdogo wake, Quintillus. Majeshi ya Danube yanamtaka Aurelian. Nani alishinda? Quintillus hakumaliza hata mwaka. Mwaka 378 Valens akauawa na Wagothi kule Hadrianopolis, na Januari 379 Gratian, ambaye kazaliwa hapo hapo Sirmium, akamsimika Theodosius kuwa Kaizari mwenzake. Wapi? Sirmium.

Wapo wanaosema makaizari kuhama Roma ulikuwa udhaifu. Sikubaliani nao hata kidogo. Jeshi linalopigana na adui kila mwaka halisubiri mkubwa aliyekaa mbali, linajichagulia wake. Kukaa mpakani ilikuwa kujilinda.

Ila na kukaa karibu nako kuna bei yake. Probus alizaliwa Sirmium mwaka 232, akauawa na askari wake hapo hapo mwaka 282. Waandishi wa kale wanasema aliwachosha kwa kuwachimbisha mifereji ya kukausha mabwawa. Askari na jembe wapi na wapi, eti!

Sasa sisi tutakaoshika chaki, tutaendelea kuimba "Rumi ilianguka mwaka 476" basi? Mwaka 582 Waavari walipouteka Sirmium baada ya kuuzingira muda mrefu, mji ulikuwa bado chini ya Kaizari, yule wa Constantinople. Mwanafunzi akiniuliza hilo darasani, 476 itanisaidia nini?