Bahari Haimfundishi Mtu Kuogelea

Taja kuogelea kwenye kijiwe chochote cha Ruangwa au Nachingwea, utajibiwa kwamba hayo ni mambo ya watu wa Lindi mjini, Kilwa na Mafia, waliozaliwa na chumvi mwilini. Sisi ni watu wa bara, wakulima wa korosho na ufuta. Maji yetu ni ya kisima. Wengine huongeza kwamba Mwafrika ana mifupa mizito, akitumbukia huzama. Napinga imani hiyo yote, mzizi na matawi. Inawanyima wachezaji wetu zoezi bora, na inawafanya wazazi waone kutojua kuogelea ni jambo la kawaida, mpaka siku mtoto anapotumbukia.

Tuanze na hao wa pwani. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi, bahari iko mlangoni. Hata hivyo tangu mwaka 2011 mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha kuogelea wanawake na wasichana wa huko huko, ambao wengi wao walikuwa wamekua wakiyatazama maji bila kuyaingia zaidi ya magoti. Wamejifunza kuelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na walioiva wamegeuka walimu wa wenzao. Kama chumvi ingetosha, darasa hilo lingekuwa la nini?

Na mifupa? Mwogeleaji Eric Moussambani alifanya mazoezi yake Malabo, mji wa kisiwani huko Guinea ya Ikweta, katika bwawa fupi la hoteli. Alipofika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, ndiyo kwanza alikuwa anaona bwawa la mita 50. Aliogelea mita 100 za mtindo huru kwa dakika 1 na sekunde 52.72, akimalizia kwa taabu mbele ya ulimwengu mzima, wakati bingwa wa mbio hizo, Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi, alitumia sekunde 48.30. Hadithi hiyo husimuliwa mpaka hapo, na watu hucheka. Mimi naona kinachostahili kusimuliwa ni kilichofuata: kabla ya Olimpiki ya 2004, mtu yule yule alikuwa ameshashuka chini ya sekunde 57. Mifupa haikupungua uzito. Alipata muda, mazoezi na ufundi.

Neno ufundi ndilo linalokosekana katika mazungumzo yetu. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana mtu wa nguvu anayepigana nayo hushindwa mapema. Mtie bwawani kiungo hodari wa soka anayekimbia dakika 90 bila kuchoka. Atainua kichwa ili apumue. Kichwa kikipanda, kiuno kinashuka na miguu inaburuzwa. Atapiga mateke kwa magoti badala ya nyonga. Atabana pumzi chini ya maji, kisha ajaribu kutoa na kuvuta kwa pamoja katika nusu sekunde uso ukiwa juu. Akifika mita 25 anahema na kusema hana mapafu. Mapafu anayo, na yakijaa hewa ndiyo yanayomwezesha karibu kila binadamu kuelea. Alichokosa ni mwalimu wa kumwambia atazame sakafu ya bwawa, kisogo kilingane na mgongo; atoe pumzi taratibu ndani ya maji; na akitaka hewa, auzungushe mwili ubavuni, mdomo utokeze kidogo tu. Kocha Mmarekani Terry Laughlin, aliyefariki mwaka 2017, alijenga mafunzo yake yote juu ya msingi huo: mwili ukae sawa kwanza, nguvu zije baadaye.

Kisha ahesabu mikono. Aliyekuwa akipiga mikono 28 kuvuka mita 25, akafika 22 kwa mwendo ule ule, amepiga hatua kubwa bila kuongeza jasho. Hapo ndipo kwenda na kurudi bwawani kunapoacha kuchosha na kuwa raha, kwa sababu kila mvuko una jambo la kusikiliza na kurekebisha.

Timu yetu ya Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la FA, kisha ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hakuna aliyesema soka ni la waliozaliwa Dar es Salaam. Basi na kuogelea si kwa waliozaliwa pwani tu: mchezaji wa Namungo anayeuguza goti angeweza kuogelea na kuilinda pumzi yake huku maji yakiubeba uzito unaomuumiza.

Najua jibu: bwawa liko wapi? Simtumi mtu mtoni. Mito ya Mbwemkuru na Lukuledi wakati wa masika ina mikondo, ina mamba, na maji yaliyotuama yana kichocho. Nadai bwawa la mita 25, lenye kina cha kiuno upande mmoja, mwalimu na mwokoaji. Litagharimu, na maji kwetu ni ya shida, lakini maji ya bwawa huchujwa, hutiwa dawa na kutumika tena. Wilaya ya Ruangwa iliyoweza kuwa na Uwanja wa Majaliwa isiambiwe kwamba hili ni anasa.

Tukilisubiri bwawa hilo, somo la kwanza linaweza kuanza leo jioni nyumbani, mzazi akiwa kando. Jaza beseni maji safi. Mtoto avute hewa kwa mdomo, aingize uso, atoe mapovu polepole mpaka yaishe, ainue, arudie. Akizoea, afanye hivyo akigeuza uso ubavuni, kushoto na kulia, bila kuinua kichwa.