Watafiti wa Insia na Fursa ya Julai 7
Tangu Novemba 2021, UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, wataalamu wa lugha, fasihi na historia wamepata jukwaa la kila mwaka la kuzungumza na umma. Hata hivyo, jukwaa si ruzuku. Matangazo mengi ya fedha za utafiti hutanguliza afya, kilimo na teknolojia, na mtafiti wa insia huyapita akidhani hayamhusu.

Dhana hiyo yaweza kumnyima fursa. Kampeni ya chanjo huhitaji lugha inayoaminiwa kijijini. Usuluhishi wa mgogoro wa ardhi huhitaji mjuzi wa historia ya makazi. Andiko la mradi linaloanzia kwenye tatizo la mwananchi laweza kumpa nafasi katika timu ya fani mbalimbali.

Wajibu nao upo. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa ziliingizwa mwaka 1997 katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Zisipofasiriwa na kuelezwa kwa Kiswahili redioni, shuleni na katika makumbusho, mwananchi atabaki mgeni wa historia yake. Utafiti anaouelewa mlipa kodi ndio ulio rahisi kutetewa bajeti inapogawanywa.